Mgonjwa amelala: Kiingereza nilichojifunzia kwenye simu

Mwezi uliopita mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja wodini kwetu kwa mazoezi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tumemaliza kugawa dawa za saa nne usiku, mimi napanga mafaili, yeye anafungua kurasa za kitabu cha ripoti. Akasema, "Dada, naomba nikuulize. Wewe hiki Kiingereza ulijifunzia wapi? Maana mimi nikishika kalamu kwenye hiki kitabu mkono unakuwa mzito." Nikamwambia nitamjibu vizuri, si haraka haraka katikati ya zamu. Jibu lenyewe ndilo hili, na naliandika hapa kwa sababu najua mdogo wangu huyu hayuko peke yake.

Mimi nilisoma shule ya msingi Handeni, masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe. Nikaingia kidato cha kwanza, bayolojia ikageuka Kiingereza, jiografia ikageuka Kiingereza, hisabati ikageuka Kiingereza, na mwalimu aliyetuonea huruma alikuwa anafunga mlango kwanza ndipo atueleze kwa Kiswahili. Tulikariri. Nilifaulu kwa kukariri, nikaenda chuo cha uuguzi, nikakariri tena. Hata leo naweza kukutajia mifupa yote ya mkono kwa Kiingereza bila kukwama. Lakini kuandika sentensi tatu zinazoeleza mgonjwa huyu amekuwaje tangu saa mbili usiku, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na hakuna aliyetufundisha.

Asiyefanya kazi hospitali huenda hajui: mafaili, ripoti za zamu, barua za rufaa, vyote tunaandika kwa Kiingereza, wakati mgonjwa, ndugu zake na sisi wenyewe tunazungumza Kiswahili kutwa kucha. Kila sentensi ninayoandika kazini imezaliwa Kiswahili, kisha ikavushwa. Na huko kwenye kuvuka ndiko inakoumia.

Niwape mfano wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimlaza kijana aliyepata ajali ya bodaboda na kugonga kichwa. Alikuwa anaongea, lakini daktari aliagiza aangaliwe fahamu zake usiku mzima. Saa nane usiku nilimwamsha, akanitajia jina lake, akaniambia yuko hospitali, akanilalamikia kwamba namsumbua. Nikaandika yote. Saa kumi alfajiri nilipita tena nikamkuta amelala, anapumua vizuri, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kujivunia: "Patient has slept." Asubuhi nikakabidhi zamu, nikaenda nyumbani.

Saa tatu simu ikaita. Alikuwa sista wa zamu ya asubuhi. "Dada, pole na samahani kukuamsha. Yule kijana wa kitanda namba nne, saa kumi alikuwa macho au alikuwa amelala?"

Nikamwambia alikuwa amelala, si nimeandika?

Akanyamaza kidogo. "Dokta anasoma hapa kwamba ameshalala, usingizi umekwisha. Anasema kama saa kumi alikuwa macho na sasa hivi anaamka kwa shida, basi hali imebadilika. Wameshaanza kutafuta gari la kumpeleka rufaa."

Daktari yule alikuwa mgeni, amekuja kujitolea kwa miezi mitatu, Kiingereza kwake ni lugha ya nyumbani. Alisoma nilichoandika, si nilichokusudia. Kijana, namshukuru Mungu, alikuwa mzima. Alikuwa na usingizi mzito tu kwa sababu usiku kucha tulikuwa tunamwamsha, na ilipofika saa nne alikuwa anaomba chai. Lakini kwa nusu saa nzima watu walihangaika, na mama yake alikuwa amekaa chini pale koridoni analia, kwa sababu ya sentensi ya maneno matatu.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni la kiuguzi: saa kumi nilipaswa kumwamsha na kuandika alama zake za fahamu, kile kipimo cha Glasgow kinachoanzia 3 hadi 15, na sikufanya hivyo. Hilo nililikiri mbele ya metroni siku hiyo hiyo. La pili ni la sarufi, na hilo ndilo lililonipeleka mtandaoni jioni ile, kabla sijarudi zamu.

Nikaandika kwenye simu "present perfect tense". Zikaja tovuti nyingi. Nikafungua ya kwanza: kitendo kilifanyika wakati uliopita, matokeo yake yanaonekana sasa. Nikajiuliza, mbona ndivyo nilivyoandika? Alilala, na matokeo ya kulala nilikuwa nayaona kwa macho yangu. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilisema hivyo hivyo, na zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Zimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima, kwa Mbrazili na Mchina na Mwarabu kwa pamoja. Hakuna iliyojua kwamba katika lugha yangu mimi, kiambishi -me- kinafanya kazi mbili.

Tazama. Tukisema ametapika, amekunywa dawa, amekojoa, kitendo kimekwisha, na Kiingereza kinakubaliana nasi: "has vomited", "has taken the medicine", "has passed urine". Lakini tukisema amelala, amekaa, amesimama, amechoka, amevaa barakoa, amevimba miguu, hatuelezi kitendo kilichokwisha. Tunaeleza hali aliyo nayo sasa hivi, na ukimtazama utaiona. Hizo kwa Kiingereza zinataka kitenzi kingine: "is asleep", "is sitting", "is standing", "is tired", "is wearing a mask", na miguu, kwa kuwa ni miwili, "are swollen". Kwetu sote ni -me-. Kwao ni njia panda. Mimi nilikuwa nimepita njia moja maisha yangu yote kwa sababu darasani tuliambiwa -me- ni "has", na tukanakili.

Siku hizi nina swali moja ninalojiuliza kabla ya kuandika: je, bado yuko hivyo sasa hivi? Kama jibu ni ndiyo, "has" naiweka pembeni. Si kanuni ya kitabu, ni ya kwangu, na imenifaa zaidi ya somo lolote nililowahi kusoma kuhusu njeo, yaani nyakati za kitenzi.

Lakini sikufika hapo kwa kusoma kanuni. Nilifika kwa kuacha kutafuta "present perfect" na kuanza kutafuta maneno niliyoyaandika mwenyewe. Mtandaoni kuna kamusi mbili ninazozitumia karibu kila siku, ya Oxford ya wanaojifunza na ya Cambridge, zote bure. Hii ya Oxford ina historia inayonigusa. Mwasisi wake, A. S. Hornby, alikuwa Mwingereza aliyefundisha Japani, na kamusi yake ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaitoa 1948. Yaani tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza hawakukinyonya kwa mama. Ndiyo maana haiishii kukuambia neno lina maana gani. Inakuambia linakaa vipi na wenzake: kitenzi hiki kinafuatwa na nini, nomino hii inahesabika au haihesabiki. Nilipotafuta "asleep" nikaona kwanza kwamba si kitenzi hata kidogo, ni kivumishi, na chini yake mifano imejipanga. Hapo ndipo taa iliponiwakia.

Baadaye nikagundua kitu kinachoitwa SkELL, na hiki nakipigia debe kwa moyo wote kwa sababu wengi hawakijui. Hakina mazoezi wala mwalimu wala hakikupi alama. Unaandika neno au kifungu, kinakuletea hadi sentensi 40 kutoka katika maandishi halisi ya Kiingereza, basi. Nikaandika "has slept". Nikasoma zile sentensi moja moja, na nyingi zilikuwa na muda au mahali ndani yake, kalala saa ngapi, kalala wapi, kalala na nani. Ni habari za usingizi uliokwisha kulalwa. Nikaandika "is asleep", zikaja sentensi za watu wasioamshwa. Hakuna aliyenieleza kanuni. Niliiona mwenyewe, kama vile mtoto anavyojua kusema "vitabu vyangu" na si "vitabu zangu" bila kufundishwa ngeli.

Tangu siku hiyo nina daftari. Ni la kawaida, la kurasa 96, lina jalada la bluu, na linakaa kwenye mkoba pamoja na saa yangu ya zamu. Kila ukurasa una kosa moja: juu naandika sentensi ya Kiswahili niliyokuwa nayo kichwani, chini yake Kiingereza nilichoandika, chini kabisa Kiingereza nilichothibitisha. Ninaloliamini, na ndilo hasa nililotaka kumwambia yule mwanafunzi, ni kwamba kosa lina mama yake, na mara nyingi mama huyo ni Mswahili. Tovuti zote hizi zinajua mtoto tu. Mama unapaswa kumtafuta wewe mwenyewe, na ukishampata, ndipo unapojua mlango upi wa kubisha.

Chukua vifaa. Kwetu kifaa kimoja, vifaa kumi. Basi tukaandika "equipments". Habari nyingi, tukaandika "informations". Ushauri tuliowapa ndugu wa mgonjwa, "advices". Samani za wodi, "furnitures". Haya utayakuta katika barua za ofisini zenye mihuri. Kamusi ya Cambridge inaweka herufi moja kando ya nomino, C ya zinazohesabika na U ya zisizohesabika, na nilikuwa nimezipita herufi hizo miaka yote bila kuuliza ni za nini. Sasa ndizo ninazoziangalia kwanza. Na si jambo geni kwetu. Sisi wenyewe uji hatuuhesabu, tunahesabu vikombe vya uji. Mwingereza ushauri anaumimina kwenye kikombe, ndiyo maana anasema "a piece of advice". Nilipoliona hivyo, halikunipa tena shida.

Vihusishi, maneno kama "of" na "about", ni msitu. Sina njia ya mkato, ila ghala la matini, yaani mkusanyiko wa maandishi halisi ambamo unaweza kutafuta neno. Kuna moja kubwa la Kiingereza cha Marekani linaloitwa COCA, lililoanzishwa na Mark Davies wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008, lina maneno zaidi ya bilioni moja kutoka kwenye mazungumzo, magazeti, hadithi na makala za kitaaluma. Unajisajili bure, na kwa siku unapewa utafutaji wa kiasi fulani tu, unaotosha kabisa kwa mtu wa zamu. Swali langu lilikuwa hili: mgonjwa analalamika maumivu ya kifua, ni "complains about" au "complains of"? Nilikuwa naandika "about" kwa sababu kuhusu ni "about". Kumbe mtu analalamika "about" chakula cha hospitali, kelele, foleni. Maumivu ya mwili wake ni "of": "complains of chest pain". Daktari akisoma "about" ataelewa, sikatai. Lakini moja ni manung'uniko na nyingine ni dalili, na mimi sitaki dalili za mgonjwa wangu zisomeke kama manung'uniko.

Kuhusu "a" na "the" nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipofurahi kuliko pote.

Kuna tovuti ya Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani. Ipo tangu 1994, kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti. Jina lake kwa kifupi ni OWL, ambalo kwa Kiingereza ni bundi. Kwetu Handeni bundi akilia juu ya paa watu wanakosa usingizi, lakini huyu wa Purdue nimemkaribisha ndani. Imeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo, maelezo yake ni marefu, yametulia. Nilisoma ukurasa wake wa "a" na "the" mara tatu. Mwandishi anasema "the" ni ya kitu ambacho msikilizaji tayari anakijua. Nikakaa nikafikiri: sisi hatuna maneno haya, je, hatuna namna ya kulisema jambo lenyewe?

Tunayo. Mwenzangu akiniambia, "Nimeleta dawa", naweza kumuuliza, "Dawa gani?" Akiniambia, "Dawa nimeileta", siulizi, kwa sababu hiyo -i- inaniambia ni ile tuliyokuwa tunaizungumzia. "I have brought medicine", na "I have brought the medicine". Si sawa kwa kila hali. Kwa watu haifanyi kazi, maana tunasema "nimemwona mgonjwa" awe anajulikana au hajulikani. Lakini kwa vitu, sikio langu la Kiswahili lilikuwa linaijua tofauti hiyo tangu utotoni. Nilikuwa nimeambiwa miaka kumi na tano kwamba Waswahili hatuwezi "a" na "the" kwa sababu kwetu hazipo. Kilichopo ni jambo lile lile, limevaa nguo nyingine. Usiku ule nilisoma kitabu kizima cha ripoti cha wiki iliyopita, nikiuliza kila nomino: hapa ningesema "nimeileta" au "nimeleta"? Sikuipata kila moja, lakini nilipata nyingi kuliko nilizokuwa napata kwa kubahatisha.

Kusikiliza nako kunafundisha sarufi, ingawa watu hudhani kunafundisha matamshi tu. Baba yangu alikuwa mtu wa redio. Dira ya Dunia ikianza hakuna mtoto anayekohoa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, lakini shirika hilo hilo lilikuwa likifundisha Kiingereza kwa redio tangu 1943, na kazi hiyo sasa iko mtandaoni kwa jina la BBC Learning English. Kuna kipindi chao cha dakika sita, na maandishi yake yote yapo kwenye ukurasa. Mimi napakua nikiwa na bando, nasikiliza nikiwa kwenye daladala. Kisha nafanya hivi: nasikiliza dakika moja, naandika kila nilichosikia, halafu nalinganisha na maandishi yao. Makosa yangu karibu yote yalikuwa kwenye vitu vidogo vinavyomezwa. Wakisema "they've been", mimi nasikia "they been". "A" ilikuwa haifiki sikioni kabisa. Nikaelewa kwamba nilikuwa siziandiki kwa sababu nilikuwa sizisikii. Sauti ya Amerika nao walikuwa na Kiingereza chao maalumu tangu 1959, kinachosomwa polepole kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Anayeanza kabisa aanzie kwenye vipindi hivyo vya taratibu, halafu ahamie BBC. Kwa matamshi ya neno moja moja, YouGlish inakutafutia video ambamo mtu analitamka, inatosha.

Zile programu za michezo ya lugha, za kukusanya nyota na kupanda ngazi, sizipendi. Niliijaribu moja kwa miezi miwili. Nilijifunza kusema mvulana anakula tofaa. Wodini hakuna aliyewahi kuhitaji sentensi hiyo, na muda wa muuguzi ni mchache. Mwenye muda na anayefurahi, afurahi.

Sasa programu za kusahihisha, kwa maana hizi wengi wananiuliza. Grammarly na LanguageTool ninazo na zinasaidia. Zinashika "equipments", zinashika "he go". Lakini nataka uelewe mpaka wake. Siku moja nilichukua sentensi yangu ya zamani, "Patient has slept", nikaiongezea "the" mbele, nikaipa programu ikague. Haikuona kosa. Na kweli, kosa halipo. Sentensi ni safi kabisa kisarufi, ila si ya kweli. Programu haikuwepo wodini saa kumi alfajiri. Vivyo hivyo "he" na "she". Sisi tuna a- moja ya wote, baba na mama, na usiku wa tatu wa zamu mfululizo, mkono ukichoka, nimewahi kuandika "he" kwa mama mjamzito. Hakuna programu ya kukuzuia. Nikimaliza ripoti, napita na kidole kwenye kila "he" na kila "she", nikitazama upande wa kitanda chenyewe. Kidole changu ndicho kinachonisaidia hapo.

Akili mnemba hizi za kuzungumza nazo naziuliza "kwa nini", tena kwa Kiswahili, na mara nyingi zinaeleza vizuri. Lakini jibu nalipeleka kamusini kabla halijaingia kwenye daftari, maana zinajibu kwa uhakika ule ule zikipatia na zikikosea. Na nakuomba, mwenzangu wa afya unayesoma hapa: usibandike humo ripoti ya mgonjwa. Jina, namba ya faili, ugonjwa, hata kijiji anachotoka, vyote ni vyake. Tengeneza sentensi ya mfano, uliza hiyo.

Kuna ukurasa mmoja wa daftari langu ambao hautokani na kuandika. Ilikuwa kambi ya upasuaji, madaktari bingwa kutoka nje, na mimi nilikuwa natafsiri. Mzee mmoja wa ngiri amelala tayari kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Daktari akauliza, "You haven't eaten anything?" Nikamgeukia mzee: "Shikamoo mzee. Hujala kitu chochote?" Mzee akajibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, mwanangu." Nami nikamgeukia daktari, nikasema, "Yes."

Uso wake ukabadilika. Mtu aliyekula hapigwi nusu kaputi, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Akaanza kumwambia msaidizi wake ampange mzee kesho. Mzee akaniuliza, "Vipi tena, sista? Si nimesema sijala?" Na alikuwa amesema. Kwetu ndiyo humkubali aliyeuliza: ndiyo, ni kama ulivyosema, sijala. Kwa Kiingereza "yes" haimfuati muulizaji, inafuata kitenzi. Kitenzi kikiwa na kukanusha ndani yake, jibu ni "no": "No, I haven't." Nikamshika daktari mkono, nikamweleza, mzee akaingia kwa zamu yake.

Ukurasa huo una mstari mwekundu chini yake. Na suluhisho halikuwa kujifunza kujibu tu. Siku hizi nikitafsiri nageuza swali lenyewe. Namuuliza mgonjwa, "Mara ya mwisho ulikula saa ngapi?" Akisema saa mbili usiku, naandika "8 pm", nikiwa macho kabisa, kwa maana hapo napo kuna mtego mwingine wa saa zetu na saa zao.

Mwenzangu mmoja anajiandaa kwa mtihani wa OET, ule wa Kiingereza kwa watumishi wa afya, anataka kwenda kufanya kazi nje. Sehemu ya kuandika ni barua ya maneno 180 hadi 200 kuhusu mgonjwa, ndani ya dakika 45. Alikuja kwangu akitaka orodha ya tovuti. Nilimwonyesha daftari kwanza. Alisikitika kidogo, nadhani alitarajia kitu cha haraka. Lakini baada ya wiki alirudi na lake, jalada la kijani, na ukurasa wa kwanza ameandika "amevimba uso". Tukakaa kwenye benchi nje ya stoo ya dawa, tukaitafuta pamoja.

Na yule mwanafunzi wa mazoezi, kabla sijamaliza kuandika hapa, juzi amenitumia ujumbe saa tano usiku. "Dada shikamoo. Nimeanza daftari kama ulivyosema. Kosa la kwanza: mgonjwa amegoma kula. Niandike 'has refused to eat' au 'is refusing to eat'? Nimetumia lile swali lako nikakwama."

Nililisoma nikiwa jikoni, nikalifikiria mpaka maji yakachemka. Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu. Niambie kwanza: amegoma uji wa leo asubuhi, au amegoma tangu juzi na bado anagoma?"

Naona amesoma. Labda amerudi kitandani kwa mgonjwa kuuliza.